Kapita na mbegu ya maharagwe

Jumapili ya kwanza baada ya Pasaka, katika kanisa moja hapa Bunia, nilikaa karibu na shemasi aliyekuwa akihesabu matoleo. Faranga alizipanga haraka, chakavu kwa mpya. Alipofika kwenye dola mwendo ulipungua. Aliinua noti moja ya dola tano kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole ukingoni, akatikisa kichwa. Ilikuwa imepasuka, mpasuko usiozidi ukucha. Anayeishi Kongo anajua maana yake: noti hiyo sokoni haipiti, na mbadilisha pesa akiikubali ataikata thamani bila huruma. Kikapuni ilipita bila swali. Shemasi akacheka, "Mwalimu, huyu amemtolea Mungu kile alichokataliwa na mama muuza samaki."

Tunahubiri uwakili kila mwaka, na kila mwaka unaishia kwenye bahasha. Sehemu ya lawama ni ya neno lenyewe. Katika Biblia ya Kiswahili, Luka 16 inamwita wakili yule mtu aliyekabidhiwa mali ya tajiri, lakini ukisema wakili mjini Bunia watu wanamwona avoka, mwenye joho jeusi mahakamani. Kigiriki kinasema oikonomos, msimamizi wa nyumba ya mwingine. Mara nyingi alikuwa mtumwa: funguo za ghala anazo, lakini ghalani hamna hata debe moja la kwake. Mimi humwita kapita. Wazee waliofanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Kilo-Moto au mashamba ya kahawa hawadai maelezo zaidi. Kapita hugawa kazi, huandika siku za watu, hufungua stoo, kisha hutoa hesabu kwa mwenye mali. Na kapita hufukuzwa pia. Hilo wazee hulikumbuka kwanza.

Sasa, kapita anahusiana vipi na Pasaka? Fungua Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Sura ya 15 ina aya 58, na zote zinazunguka ufufuo: Kristo aliyefufuka, mbegu inayokufa udongoni, parapanda ya mwisho. Geuza ukurasa. Aya ya kwanza ya sura ya 16 ni mchango kwa ajili ya waumini wa Yerusalemu, na ya pili inaagiza kila mtu aweke akiba yake siku ya kwanza ya juma, ndiyo siku ileile kaburi lilipokutwa wazi. Mgawanyo wa sura tulionao uliwekwa katika karne ya 13. Paulo hakuweka mstari pale. Wakorintho waliosomewa barua walisikia parapanda, na kabla mwangwi wake haujatulia wakasikia habari ya pesa.

Wahubiri wengi tunazitenga hizo mbili: ufufuo wa mazishini, mchango wa mwisho wa ibada. Kwa Paulo moja inaizaa nyingine. Kapita anayeamini bosi amekufa na hatarudi atakula stoo, na ukitazama kwa akili tu, hana kosa. Kiswahili chenyewe kinaujua undugu huu: imani, amana na uaminifu ni maneno ya mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwenye imani ni mtu uliyeweza kumwachia amana.

Na mfano wa Paulo wa mbegu hauhitaji profesa hapa Ituri. Mahindi ya mbegu hutundikwa juu ya jiko yale moshi, wadudu wasiyaguse. Njaa ikibisha hodi, unakopa kwa jirani, unauza kuku, yale ya moshini huyagusi. Ukiyala, umeamua kwamba hakuna msimu mwingine.

Mfano wa kapita anayeamini kwamba mwenye mali atarudi tunao jirani, Boga, kusini mwa Bunia. Apolo Kivebulaya, Mganda, alifika huko mwishoni mwa 1896 kama mwalimu wa dini. Mtemi Tabaro aliamuru apigwe. Mwaka 1898 dada yake mtemi alipokufa kwa kuchomwa na mkuki uliokuwa umefichika kwenye nyasi, Apolo alisingiziwa na kupelekwa Toro katika minyororo. Alirudi Boga baadaye, na Tabaro mwenyewe akaja kubatizwa. Apolo hakuoa baada ya mchumba wake kufa, na uzeeni aliendelea kuingia msituni kwa Wambuti. Alipofariki, 30 Mei 1933, wosia wake ulikuwa juu ya kaburi: kichwa chake kisielekezwe mashariki kwa desturi ya kwao, kielekezwe magharibi, kwenye msitu ambako kazi ilikuwa haijaisha. Mtu anayeamini kaburi ndilo mwisho hajali kichwa kimelala wapi. Huyu alikuwa bado akigawa kazi.

Waanglikana humkumbuka kila 30 Mei. Usiku wa kuamkia 31 Mei 2021, Boga na eneo jirani la Tchabi zilivamiwa, na watu zaidi ya 50 wakauawa. Waliobaki wakatawanyika.

Mwanafunzi wangu mmoja wa upande huo alinisimulia kwamba bibi yake alitoka nyumbani na vitu viwili, mjukuu mgongoni na kibuyu cha mbegu za maharagwe. Godoro aliliacha. Walipofika Bunia walilala na njaa siku kadhaa, kibuyu kikiwa kichwani pao, na kijana huyu, mwanafunzi wangu, alimkasirikia sana. Baadaye mwenyeji akawapa kipande cha ardhi nyuma ya choo, matuta manne. Mavuno yalipotoka bibi alipima bakuli moja akalipeleka kanisani. Lilipigwa mnada baada ya ibada. Aliyelinunua alilirudisha mezani, likapigwa mnada tena, na wa pili naye akalirudisha. Bibi alikasirika, akauliza kwa sauti kama maharagwe yake yana ubaya gani hata hakuna anayetaka kuyapika.