Kijiwe Kichwani mwa Changu

Ukipewa kichwa cha changu Kilindoni, kisiwani Mafia, kile taratibu. Nyuma ya macho, chini ya ubongo, meno yatagonga kitu kigumu: kijiwe cheupe mfano wa kipande cha kikombe kilichovunjika. Wengi hukitema wakidhani ni mfupa. Ni chokaa, na samaki amekijenga mwenyewe, tabaka juu ya tabaka, maisha yake yote. Wataalamu wa uvuvi hukikata wakahesabu miviringo yake na kuujua umri wa samaki.

Hiyo ndiyo mizani ya changu. Kijiwe ni kizito kuliko nyama inayokizunguka, nacho kimelalia seli zenye vinyweleo. Samaki akiinama, kijiwe huvuta vinyweleo, na ubongo hupata habari kwamba chini ni huku. Kwa hiyo hata usiku wa kiza, majini, changu hapotezi juu na chini.

Papa potwe, anayefuatwa na wageni pale pale mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi, hana kijiwe. Kama papa wenzake, ana chembe nyingi zilizoshikana kwa ute. Sisi binadamu kwa hili tumefanana na papa: chembe zetu ni kama vumbi la chokaa, na zikibanduka zikaenda pasipo pao, mtu hujigeuza kitandani akaona nyumba nzima inazunguka.

Zinakoenda ni kwenye mifereji 3 ya sikio la ndani, iliyopinda na kujaa majimaji. Hiyo hupima kugeuka. Zungusha kikombe cha chai ya majani: kikombe kinakwenda, majani yanabaki nyuma. Vivyo hivyo kichwani, na kule kubaki nyuma ndiko kunakosukuma vinyweleo. Katika miaka ya 1820, Mfaransa Pierre Flourens aliikata mifereji hiyo kwa njiwa. Waliendelea kusikia, lakini vichwa viliyumba na kuruka kukawashinda.

Sasa fikiria abiria anayevuka bahari kutoka Nyamisati kwenda Kilindoni, ameinamia simu ndani ya boti. Sikio linasema tunapanda na kushuka. Jicho linasema simu imetulia. Ubongo haujui umwamini nani, na moyo unaanza kumchafuka. Bahari imemlevya.

Ukisafiri kwenda Mafia, weka simu mfukoni, keti katikati ya chombo penye upepo, na utazame mbali, maji yanapokutana na mbingu, mpaka uione minazi ya Kilindoni.