Nati na Aina Zake

Wasikilizaji, leo nataka kuzungumza nanyi juu ya kitu kidogo kiitwacho nati. Baisikeli, motokaa, pampu ya kisima na mashine ya kusaga unga, vyote vyashikamana kwa nati. Gurudumu nalo huweza kuchomoka njiani kwa nati moja iliyolegea, na watu wakaumia.

Nati nyingi zina pembe sita, na sababu yake ni spana. Mwenye kufunga nati ya pembe nne hana budi kuizungusha robo ya duara kabla ya kuikamata upya. Ya pembe sita yatosha sehemu moja ya sita. Mahali penye nafasi finyu, tofauti hiyo ni kubwa.

Lakini msidhani ya kuwa zikilingana kwa macho ni sawa. Tazameni tundu. Ndani mna hesi, yaani mfuo uzungukao kama ngazi ya mnara. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza kipimo kimoja cha hesi kwa viwanda vya kwao, na mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akaleta chake. Boliti ya nusu inchi ya Whitworth ina mizunguko 12 katika kila inchi. Ya Kimarekani ina 13. Nati ya moja huingia kidogo katika boliti ya nyingine, kisha hukwama. Hapo fundi asiye na subira huongeza nguvu, na hesi zikaharibika. Hata hizi za milimita, zilizoenea sana siku hizi, hazifanani zote: boliti ya milimita 10 huweza kuwa na hesi pana ya milimita 1.5, au nyembamba ya 1.25. Nati iliyo safi na ya kipimo chake huanza kuingia kwa vidole tu.

Iko nati nyembamba, ambayo kimo chake ni kama nusu ya unene wa boliti. Hiyo haifai kubeba mzigo peke yake. Kazi yake ni kubanana na nati nene ili zisilegee. Wengi huiweka juu, nami naona wanakosea: yafaa itangulie chini, kwa kuwa nati ya nje ikikazwa ndiyo ibebayo mzigo.

Nyingine ina mikato juu, kama ukuta wa ngome. Pini ya miguu miwili hupitishwa katika mikato na katika tundu la boliti, kisha miguu hukunjwa. Kwa gurudumu sijui iliyo amini kuliko hii. Nyingine ina pete ya nailoni ndani, ishikayo hesi. Lakini isiwekwe penye joto kali la injini, maana nailoni hulainika. Ikifunguliwa mara kwa mara, nguvu yake hupungua.

Tena ziko nati za mkono wa kushoto. Katika mashine ya kunolea yenye mawe mawili, nati ya jiwe la kushoto hufunguliwa kwa kuizungusha kama mshale wa saa uendavyo. Ingekuwa ya kawaida, jiwe lenyewe kwa kuzunguka kwake lingeilegeza.