Makazi ya watumwa huru Masasi na Newala

Makazi ya Masasi yalikuwa kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Kilianzishwa mwaka 1876 na Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (kifupi: UMCA), shirika la Kanisa Anglikana, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Mtwara, kusini mwa Tanzania. Kilipovamiwa mwaka 1882, kazi ya misheni ilihamia Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde.

Asili

UMCA ilitokana na mwito wa David Livingstone wa mwaka 1857. Jaribio lake la kwanza, huko Magomero (leo nchini Malawi), lilishindwa, na mwaka 1864 askofu William Tozer alihamishia makao Unguja. Watumwa waliookolewa baharini na meli za kivita za Uingereza walikabidhiwa kwa misheni, nao walihitaji mahali pa kuishi. Ndipo likanunuliwa shamba la Mbweni, kusini mwa mji wa Zanzibar. Wakaaji walipewa nyumba na kiwanja cha kulima, wakafanya kibarua shambani kwa ujira. Misheni iliangalia pia ndoa, shule na ibada zao.

Kwa Waingereza utaratibu huo haukuwa mgeni. Katika Uingereza ya wafalme walioitwa George (1714–1830), bwana wa ardhi mikoani alipangisha mashamba na kutoa sadaka kwa wanyonge, na parokia ilitoza kodi ya kuwatunza maskini wake. Lakini maskini wa Kiingereza alikuwa na parokia yake ya kuzaliwa. Mtu wa Mbweni alikuwa amenyang'anywa kwao.

Masasi

Kwa sababu hiyo askofu Edward Steere alitaka kuwarudisha watu bara, karibu na Ziwa Nyasa walikotoka wengi wao. Mwishoni mwa 1876 aliongoza kundi la watu zaidi ya 50 kutoka Lindi. Hawakufika ziwani. Masasi walikuta ardhi nzuri na maji chini ya vilima vya mawe, wakaamua kubaki. Mashamba yaligawanywa, nyumba zikajengwa. Steere alirudi Unguja akamwacha William Percival Johnson, na mwaka uliofuata Chauncy Maples alijiunga naye.

Ugumu haukuwa wa kilimo tu. Wakaaji hawakuwa na mzee wa ukoo wala mtawala wao pale, hivyo magomvi ya wizi na ya ndoa yaliletwa kwa padre. Aliyegawa ardhi akawa pia hakimu, kazi ambayo hakuisomea. Watu walikuwa huru, lakini uhuru wao ulitegemea hisani ya mtu mmoja.

Kijiji hakikuwa na askari pia. Septemba 1882 Wangoni, walioitwa huko Wamagwangwara, walikivamia, wakachoma nyumba, wakaua baadhi ya watu na kuchukua mateka. Wengine walikombolewa baadaye kwa malipo, yaani watu waliokwisha kukombolewa mara moja walilipiwa tena.

Newala

Maples na baadhi ya walionusurika walihamia Newala kwa Matola, mtawala wa Wayao. Uwanda wa juu hauna mito, na maji yalitekwa mabondeni, lakini kulikuwa na usalama zaidi. Hapa misheni haikutawala bali ilikuwa mgeni wa Matola, na mpango huu ulifaa kuliko ule wa Masasi, maana padre alibaki na kazi ya padre.

Huko Chitangali, katika eneo la Newala, Cecil Majaliwa alihudumu tangu 1886. Alikuwa Myao aliyeuzwa utumwani akiwa mtoto na kusomeshwa Unguja. Mwaka 1890 alipewa upadre, Mwafrika wa kwanza katika UMCA.

Masasi ilifufuliwa baadaye, ikachomwa tena wakati wa Vita ya Majimaji mwaka 1905. Mwaka 1926 ikawa dayosisi chini ya askofu William Vincent Lucas. Kanisa kuu lake liko Mtandi.