Kichocheo si Chakula cha Mmea

Yeyote aingiaye siku hizi katika duka la pembejeo hakosi kukuta rafu nzima ya chupa zenye picha za mahindi manene na nyanya nyekundu. Mwenye duka huziita kwa jina moja tu: busta. Nyingine zimetengenezwa kwa mwani wa baharini, nyingine kwa maji meusi yatokanayo na mabaki ya mimea ya kale iliyozikwa ardhini, nyingine zina bakteria au ukungu ulio hai. Wataalamu huviita vichocheo vya mimea. Karatasi ya chupa aghalabu huahidi mambo mawili kwa pamoja: mavuno mengi, na afya ya udongo.

Ahadi hizo zataka kupimwa, tena kupimwa kwa ukali, maana anayelipa ni mkulima. Mfanya kazi wa mjini naye asidhani kuwa jambo hili halimhusu. Wengi wetu tuna ekari moja au mbili nyumbani, na fedha ya pembejeo hutoka katika mshahara wetu. Ndugu yetu aliyeko shambani akipiga simu kuomba fedha ya busta, yafaa tujue tunanunua nini.

Kwanza tuweke maneno mahali pake. Mbolea ni chakula cha mmea. Kichocheo si chakula. Ni kitu cha kuuamsha mmea ili ule vizuri zaidi, au uvumilie jua kali na chumvi, au uzae tunda bora. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliandika tofauti hiyo katika kanuni yao ya mwaka 2019, iliyoanza kutumika Julai 2022: kichocheo hutambulikana kwa kazi inayofanya, si kwa virutubisho vilivyomo, na muuzaji ni lazima aonyeshe kuwa kazi aliyoiandika kwenye chupa kweli inafanyika. Hapa kwetu, chupa nyingi ziitwazo busta ni mbolea nyepesi ya majani yenye zinki au boroni kidogo. Hiyo si kosa, na panapopungua zinki yaweza kuleta faida kubwa. Lakini basi na ipimwe kama mbolea.

Sasa tufanye hesabu, kwa sababu hesabu haina upendeleo. Mahindi magunia ishirini ya kilo mia, yakitoka katika ekari moja, huondoka shambani na kilo thelathini hivi za naitrojeni ndani ya punje. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23. Chupa ya lita moja, hata ingejazwa nini, haiwezi kubeba kilo thelathini. Ikiwa basi kichocheo kimefanya kazi yake, na mavuno yameongezeka kwa magunia matatu, chakula cha magunia hayo kimetoka wapi? Kimetoka katika udongo ule ule. Mmea umechota haraka zaidi katika akiba ya shamba. Palipo na akiba, au mahali ambapo mbolea na samadi hurudishwa kila msimu, jambo hilo ni jema, kwa kuwa kitu kilicholala kimetumika. Lakini katika shamba lililochoka, kuupa mmea kichocheo bila chakula ni sawa na kumpa mchukuzi mwenye njaa kikombe cha kahawa kali. Atabeba gunia moja zaidi, kisha ataanguka.

Hesabu ya afya ya udongo ni kali zaidi. Udongo wa juu wa ekari moja, kwa kina cha sentimita ishirini, una uzito wa tani elfu moja hivi. Kaboni ya mboji ikiwa asilimia moja tu, ambacho ni kiasi cha shamba maskini, hiyo ni tani kumi. Nani atakubali kuwa lita moja ya maji meusi imejenga upya udongo wenye tani kumi za kaboni? Mboji hujengwa na mabua yasiyochomwa, samadi, mikunde na miti, kwa miaka mingi. Kichocheo chaweza kusaidia kwa njia ya kuzunguka, yaani kwa kuongeza mizizi na majani ambayo baadaye huoza shambani. Lakini hilo halionekani kwa msimu mmoja. Mtu asemaye kuwa udongo umepona baada ya miezi mitatu, na aulizwe alipima nini: kaboni, uchachu wa udongo, jinsi maji yanavyozama, au idadi ya nyungunyungu?

Haya yote si kusema kwamba vichocheo ni ulaghai. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, walikusanya matokeo ya majaribio ya mashambani kutoka tafiti 180 za nchi mbalimbali, wakaona wastani wa nyongeza ya mavuno ya karibu asilimia 18. Faida ilikuwa kubwa zaidi katika nchi kavu, na katika udongo wa kichanga, wenye chumvi au wenye mboji haba. Habari hiyo yatia moyo, hasa kwetu sisi wenye mashamba ya namna hiyo. Ila tukumbuke kuwa jaribio lililoshindwa mara nyingi hubaki katika sanduku la meza na halichapishwi, kwa hiyo wastani wa yaliyochapishwa huelekea kuwa juu kuliko ukweli.

Na wastani wenyewe huficha mengi. Nchini Uswisi, katika mashamba 54 ya mahindi, ulitiwa ukungu uishio pamoja na mizizi na kuisaidia kuvuta fosfeti. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2023 yalionyesha kuwa shamba moja mimea ilipungua kwa asilimia 12, na jingine iliongezeka kwa asilimia 40. Ukungu ule ule, zao lile lile. Kilichotofautisha zaidi hakikuwa kiasi cha chakula kilichomo udongoni, bali wingi wa ukungu wa magonjwa uliokuwa tayari ukiishi humo: palipokuwa na maradhi mengi, mgeni yule alifaa. Basi ushuhuda wa jirani kwamba busta fulani imempa mavuno ni ushuhuda wa shamba lake, si wa shamba lako.

Afrika pia imekwisha kupima. Kati ya mwaka 2009 na 2011 bidhaa nyingi za namna hii zilizokuwa zikiuzwa Kenya, Ethiopia na Nigeria zilichunguzwa katika maabara na mashambani. Zilizofaulu zilikuwa chache. Zilizosimama imara kuliko nyingine ni bakteria wa vinundu vya mizizi, hasa kwa soya. Sababu yajulikana tangu wanasayansi wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, walipoieleza katika miaka ya 1880: bakteria hao huvuta naitrojeni ya hewani na kuulisha mmea. Hapo kitu kipya kweli huingia shambani, tofauti na vichocheo vinavyoharakisha kuchota. Tena soya ni mgeni kwetu, na mara nyingi udongo wetu hauna bakteria wanaomfaa. Lakini pakiti hiyo ina viumbe hai. Ikiachwa juani mlangoni mwa duka, mkulima ananunua vumbi.

Upande wa mwani, jambo moja lafaa kutajwa japo kwa kupita. Wanawake wa Paje na Jambiani huko Unguja wamelima mwani tangu mwaka 1989, huukausha na kuuuza nje kwa bei ndogo. India, mwani wa jamii hiyo hiyo hukamuliwa ukiwa mbichi, maji yake yakawa kichocheo cha mazao, na makapi yakaendelea kwenda kiwandani kama kawaida. Mwenye kutafuta kiwanda kidogo cha ushirika na alitazame jambo hilo, maadamu maji hayo nayo yatapimwa kama ya wengine. India yenyewe ilichelewa kupima: vichocheo viliingizwa katika amri ya udhibiti wa mbolea mwaka 2021, na mwaka 2025 Waziri wa Kilimo alisema hadharani kuwa bidhaa zipatazo 30,000 zilikuwa zikiuzwa kwa miaka mingi bila kukaguliwa.

Namna ya kupima si siri. Huko Rothamsted, Uingereza, ambako majaribio ya mashamba yalianza mwaka 1843, Ronald Fisher aliajiriwa mwaka 1919, akafundisha kwamba vipande vya jaribio virudiwe, na vigawanywe kwa kura. Chama cha ushirika chaweza kufanya hivyo kwa msaada wa Bwana Shamba. Chagueni sehemu nne za shamba. Kila sehemu igawanywe vipande vitatu, na kura iamue kipi kipate nini. Cha kwanza kipuliziwe kichocheo, cha pili maji matupu, mbegu na palizi zikiwa sawa. Cha tatu, ambacho wauzaji hawakitaji kamwe, kipewe mbolea au samadi ya thamani ile ile ya fedha iliyonunulia kichocheo. Msihukumu kwa ukijani wa majani. Pimeni punje kavu kwa mizani, vipande vyote kumi na viwili, na mrudie msimu wa pili, kwa maana mvua za mwaka mmoja hudanganya.

Sheria ya Mbolea ya mwaka 2009 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Kwa maoni yetu, matokeo ya kila jaribio la bidhaa inayosajiliwa yangebandikwa kwa Kiswahili katika ofisi ya kata: lilifanyika wilaya gani, kwa zao gani, katika udongo wa namna gani, na kilo ngapi zilizidi au kupungua kwa ekari. Mkulima wa Dodoma anayeuziwa chupa iliyojaribiwa katika udongo wa Mbeya ana haki ya kulijua hilo kabla hajafungua mkoba.