Tiketi ya Taifa Ipatikane Uwanjani: Jinsi Timu za Vikapu za Vyuo Vikuu Zinavyopaswa Kufuzu

Mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Kenya husimamiwa na Shirikisho la Michezo la Vyuo Vikuu, linalojulikana kwa ufupisho wa KUSF, na mashindano yake hupanda ngazi kutoka kanda hadi taifa. Kwa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, ambacho kimekuwa chuo kikuu kamili mjini Kakamega tangu 2007, na kwa majirani zake wa magharibi mwa nchi, swali la jinsi timu inavyofuzu lina uzito kuliko swali la nani atakayetwaa kombe, kwa kuwa timu isiyofika fainali za kitaifa haina pa kuuonyesha uwezo wake. Nafasi hiyo inapaswa kutafutwa kwa mechi nyingi zinazochezwa chini ya kanuni zilizoandikwa na kusambazwa kabla ya mpira wa kwanza kurushwa, wala isitegemee bahati ya wikendi moja au hiari ya kamati.

Njia za kufuzu zinazojulikana katika michezo ni tatu. Ya kwanza ni mtoano, ambapo timu ikishindwa mara moja huaga mashindano. Ya pili ni ligi, ambapo kila timu hukutana na kila nyingine na pointi hujumlishwa. Na ya tatu ni uteuzi, ambapo kamati hupima rekodi za timu na kuamua ni ipi inayostahili. Mtoano hupendwa na wenye kushika fedha, kwa sababu timu 8 huhitaji mechi 7 tu kumpata bingwa, na shughuli nzima inaweza kumalizika kwa siku mbili. Hata hivyo, katika utaratibu huo nusu ya timu hurudi nyumbani baada ya dakika 40 za mchezo, yaani robo nne za dakika 10 kila moja, ilhali wachezaji wake wamefanya mazoezi muhula mzima. Nazo timu zinazofika fainali hulazimika kucheza mechi tatu ndani ya siku hizo mbili, hivyo kwamba mara nyingi hushinda ile yenye wachezaji wengi wa akiba wala si ile inayocheza vizuri zaidi.

Hali ya hewa ya Kakamega huongeza uzito wa hoja hiyo. Mji huu ulio jirani na msitu wa Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na sehemu kubwa ya mvua hiyo hunyesha alasiri kwa ngurumo. Katika uwanja wa saruji usio na paa, wenye urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, manyunyu ya dakika chache yanatosha kuubadilisha mchezo: mpira hulowa na kuteleza mikononi, mchezaji anayekimbilia kikapu hukosa pa kukanyaga anapotua, na refa hubaki kungoja wanafunzi wenye mafagio wayasukume maji nje ya mistari. Ratiba inayobana mtoano mzima katika siku mbili haina nafasi ya kuahirisha mechi, kwa hiyo timu hulazimika kuamuliwa hatima yake kwenye sakafu iliyolowa. Mechi zikitawanywa katika wikendi kadhaa na kuanza saa tatu asubuhi, mvua ya saa tisa haitamnyima mtu haki yake.

Ligi kamili nayo ina gharama zake. Timu 8 zikikutana mara moja moja huhitaji mechi 28, na zikikutana nyumbani na ugenini huhitaji 56, idadi ambayo hazina ya michezo ya chuo haiwezi kuibeba. Suluhisho la kati ni kuigawa kanda katika makundi mawili kwa kufuata jiografia. Kwa mfano, kundi la kaskazini linaweza kuwa na Masinde Muliro, Kibabii cha Bungoma, Kaimosi Friends cha Vihiga na Alupe cha Busia, na kundi la kusini likawa na Maseno, Jaramogi Oginga Odinga cha Bondo, Kisii na Rongo. Kila timu ingecheza mechi 6 katika kundi lake, tatu nyumbani na tatu ugenini, na safari za kundi la kaskazini zingekuwa za kwenda asubuhi na kurudi jioni kwa basi la chuo, bila gharama ya malazi. Timu mbili za juu za kila kundi zingekutana katika nusu fainali na fainali ya kanda. Kwa mpango huo, hata timu inayoshika mkia ingecheza mara sita kabla ya kuambiwa kwamba haitoshi, na mashabiki wa kila chuo wangewaona wachezaji wao mara tatu wakicheza nyumbani.

Pointi zinapolingana, kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Mpira wa Vikapu, FIBA, hutoa mwongozo ulio wazi, na hakuna sababu ya vyuo kubuni mwingine. Mshindi wa mechi hupewa pointi 2, aliyeshindwa hupewa 1, na timu isiyotokea uwanjani hupata 0 na kuhesabiwa kwamba imefungwa 20 kwa 0. Timu zikilingana, huangaliwa kwanza matokeo ya mechi zilizochezwa baina yao wenyewe, kisha tofauti ya vikapu katika mechi hizo hizo. Chukua timu tatu zilizolingana baada ya kukutana mara moja: ya kwanza imeishinda ya pili kwa tofauti ya 12, ya pili imeishinda ya tatu kwa 3, na ya tatu imeishinda ya kwanza kwa 5. Hesabu inaipa timu ya kwanza +7, ya tatu +2 na ya pili −9, hivyo ya kwanza ndiyo inayopita. Lakini kama timu ya tatu ingefunga mtupo mmoja zaidi wa pointi tatu dhidi ya ya kwanza, tofauti ingekuwa 8, hesabu ingegeuka kuwa +5 kwa +4, na timu ya tatu ndiyo ingepita. Kocha asiyeelezwa kanuni hii mapema atawapumzisha wachezaji wake hodari dakika za mwisho akidhani kwamba mechi imekwisha, kumbe tiketi ingali inachezewa.

Suala gumu zaidi ni idadi ya nafasi ambazo kila kanda inastahili. Mashindano ya shule za upili yamewazoesha Wakenya utaratibu wa kanda nane, kila moja ikitoa bingwa wake, na mabingwa hao kugawanywa katika makundi mawili ya timu nne nne. Ndiyo ngazi ambayo shule kama Butere Girls ya Kaunti ya Kakamega imepitia kufika mashindano ya kitaifa. Utaratibu huo huipa kila sehemu ya nchi sauti, lakini una dosari ambayo vyuo vya Marekani viliitambua zamani. Mashindano ya kitaifa ya huko yalianza mwaka 1939 kwa timu 8, na kwa muda mrefu kila jumuiya ya vyuo ilitoa timu moja tu. Mwaka 1974 Chuo Kikuu cha Maryland, kilichokuwa miongoni mwa bora kabisa nchini humo, kilishindwa 103 kwa 100 na North Carolina State katika muda wa ziada wa fainali ya jumuiya yao, kikakosa nafasi, huku aliyewashinda akienda kutwaa ubingwa wa taifa. Mwaka uliofuata mashindano yalipanuliwa kufikia timu 32 na jumuiya moja ikaruhusiwa kutoa zaidi ya timu moja. Tangu 2011 timu za wanaume ni 68, ambapo mabingwa wa jumuiya huingia moja kwa moja na nafasi zinazobaki hujazwa na kamati ya uteuzi.

Nairobi inaweza kujikuta katika hali ya Maryland, kwa kuwa vyuo kama Strathmore na USIU-Africa huwa na timu zinazoshiriki pia ligi za Shirikisho la Mpira wa Vikapu Kenya na kukomazwa na klabu za watu wazima. Timu ya pili ya Nairobi yaweza kuwa na nguvu kuliko bingwa wa kanda nyingine, na kuifungia mlango ni kuyapunguzia mashindano ubora. Pamoja na hayo, kamati ya uteuzi si dawa ya Kenya. Kamati ya Marekani hutumia vipimo vya hesabu vinavyofaa kwa sababu kila timu hucheza takriban mechi 30 kwa msimu, kadhaa zikiwa dhidi ya timu za jumuiya nyingine, hivyo rekodi zinaweza kulinganishwa. Timu ya Kakamega na ya Mombasa zisizokutana kabla ya fainali za taifa hazina kipimo cha pamoja, na kamati ikizilinganisha itakuwa inalinganisha sifa na majina, jambo ambalo daima huwafaa walio karibu na mji mkuu.

Njia iliyo bora imeshaonekana katika Ligi ya Vikapu ya Afrika, BAL, ambayo huwaingiza moja kwa moja mabingwa wa baadhi ya nchi na kuwaachia wengine mchujo wa kugombea nafasi zilizobaki. Ni kwa mchujo huo, mwishoni mwa 2024, kwamba Nairobi City Thunder ilikuwa klabu ya kwanza ya Kenya kufuzu kucheza ligi hiyo. Vyuo vinaweza kuiga: bingwa wa kila kanda aende taifa moja kwa moja, na timu za pili za kanda zote zikutane mahali pamoja kugombea nafasi chache zilizosalia. Hapo Nairobi itapata nafasi ya pili ikiwa na uwezo nayo, na magharibi itaipata ikiwa na uwezo zaidi.

Chuo mwenyeji wa fainali kisisamehewe hatua hii ya kufuzu. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na mwenyeji tayari hutunzwa kwa mashabiki na kwa kuepukana na safari. Kumwongezea tiketi ya bure ni kumnyima mwingine aliyeitolea jasho. Kanuni za wanawake ziwe sawa na za wanaume, na pale kanda inapokuwa na timu mbili tu za wanawake, nafasi iamuliwe kwa mfululizo wa mechi tatu, atakayeshinda mbili apite, badala ya kumpa mtu ubingwa mezani. Timu ikijiondoa kabla ya kucheza nusu ya mechi zake, matokeo yake yote yafutwe, ili ushindi wa 20 kwa 0 usiyumbishe tofauti za vikapu. Rufaa ziamuliwe ndani ya saa 24, na asiyeridhika abaki na haki ya kwenda mbele ya Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo, lililoundwa kwa Sheria ya Michezo ya 2013.

Mageuzi haya hayahitaji uwanja mpya wala mfadhili, kwa kuwa yanahitaji mabasi yaliyopo, asubuhi za Jumamosi na kijitabu cha kanuni. KUSF na wakurugenzi wa michezo wa vyuo wakikitoa kijitabu hicho kila Septemba, kabla ya usajili wa wachezaji kufungwa, mwanafunzi anayejiunga na timu Kakamega atajua tangu siku ya kwanza ni mechi ngapi zinazomtenganisha na fainali za taifa, na akizikosa atajua kwamba alishindwa na wapinzani waliocheza vizuri kumliko. Hiyo ndiyo haki ambayo kila mchezaji anaidai, na hakuna chuo kinachoweza kujenga timu imara bila hiyo.