Koti Linaloanza na Bega Lako

Katika mtaa wa Brunnsgatan, katikati ya jiji la Stockholm, Uswidi, wapo mafundi wa A.W. Bauer & Co., nyumba ya kushonesha suti iliyoanzishwa mwaka 1863.

Kwetu kushonesha nguo si jambo geni. Fundi wa Kariakoo au Darajani anakuzungushia futi, anaandika vipimo daftarini, na siku ya ahadi unakuta nguo imekwisha. Ushonaji wa suti wa kizamani, kama wa Bauer, nao huanza na futi, ila hauiamini peke yake. Watu wawili wanaweza kuwa na kifua cha sentimita 100 kila mmoja, koti likamkaa mmoja na kumkataa mwenzake, kwa sababu bega lake la kulia limeshuka, au mgongo umeinama kwa miaka ya kukaa ofisini. Kwa hiyo fundi hukutazama sana unavyosimama, kisha anachora karatasi za kukatia zilizo zako peke yako, ambazo huhifadhiwa kwa nguo zijazo.

Kitambaa kikishakatwa hupigwa bandi tu, kwa uzi mweupe, nawe unaitwa kujaribu. Usishtuke ukilikuta koti halina bitana, pengine lina mkono mmoja. Fundi anachora chaki, anabana pini, na anaweza kuung'oa mkono mzima mbele yako ili aupachike upya. Ukishaondoka, koti hufumuliwa na vipande vyake kurekebishwa. Hapa ndipo ulipo uhodari wenyewe, na ndipo muda unapokwenda: suti moja huweza kula zaidi ya saa 50.

Kati ya kitambaa na bitana hukaa kitambaa kigumu kilichofumwa kwa singa za farasi. Suti nyingi za madukani hupata ugumu huo kwa gundi. Fundi hutumia sindano na kastabini: anaikunja kola ya kifuani juu ya kidole, anaipiga mishono midogo ya mshazari, mamia kwa mamia, mpaka inalala yenyewe bila kusukumwa na pasi. Igeuze kola hiyo uitazame kwa karibu. Utaona vinukta vya uzi.

Nguo kuufuata mwili si jambo jipya Stockholm. Katika kasri la mfalme jijini humo, kwenye makumbusho ya Livrustkammaren, limo koti la ngozi alilovaa Mfalme Gustav II Adolf wa Uswidi alipouawa vitani Lützen mwaka 1632. Risasi aliyopigwa mwaka 1627 ilibaki mwilini, karibu na bega, na deraya ya chuma ikawa inamuumiza, ndiyo maana akavaa ngozi. Nguo ndiyo iliyoufuata mwili wake, na sioni heshima kubwa kuliko hiyo ambayo fundi anaweza kumpa mtu.

Ukienda kupimwa, vaa viatu utakavyovalia suti hiyo, na weka simu na pochi katika mifuko uliyozoea. Kama bega liliwahi kuteguka, sema. Tumbo usilibane: ndani ya mishono huachwa akiba ya kitambaa, ili koti lipanuliwe utakaponenepa.