Kukoroma Usiku: Hata Daktari wa Meno Husaidia

Wanakikundi, kukoroma si dalili ya usingizi mzuri. Mtu akilala, koo hulegea na ulimi hurudi nyuma. Njia ya hewa ikiziba, pumzi hukatika sekunde 10 au zaidi, kisha anashtuka akitafuta hewa. Mchana anasinzia hata akiendesha gari, na presha inaweza kupanda.

Mwulize unayelala naye: je, pumzi yangu hukatika? Kama ndiyo, nenda kwanza hospitali upimwe. Ukishauriwa hivyo, daktari wa meno atakutengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni usiku. Husogeza taya la chini mbele kidogo, hewa ikapita.

Mtoto anayekoroma kila usiku mdomo wazi pia apelekwe. Huenda ni mafindofindo yamevimba. Msimcheke tu, msaidieni.